PICHA YA JIRANI NI AMANA

Siku hizi vijana wengi wa Arusha wana simu yenye kamera. Apitapo Ngarenaro au Sanawari, kijana humpiga picha fundi viatu aliyeketi barazani. Apandapo miteremko ya Mlima Meru, humpiga picha bibi aliyejitwisha mkungu wa ndizi, mzee azibuaye mfereji wa maji, na nyumba ya msonge iliyosalia kati ya nyumba za bati. Ukimwuliza sababu, atajibu kwamba mambo hayo yanapita, na wajukuu hawatayaona. Neno hilo ni la kweli. Mashamba yanakatwa viwanja, na wako watoto wa mjini wasiojua loshoro hupikwaje. Kuhifadhi kumbukumbu ni kazi njema. Lakini yatupasa kuuliza: aliyepigwa picha ana haki gani?

Wengine husema kwamba aliye njiani huonwa na wote, basi kumpiga picha si kumwibia. Tena husema kwamba ukiomba ruhusa kwanza, watu hujitengeneza, na maisha yenyewe ya kila siku hayaonekani tena. Hoja hizo zina nguvu. Walakini kuonwa si sawa na kuchukuliwa. Jirani akuonapo, nawe wamwona. Kesho waweza kumwuliza alisema nini juu yako. Bali picha husafiri pasipo mwenyewe, ikaelezwa na watu asiowajua, kwa maneno asiyoyasikia.

Mfano tunao papa hapa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifungua misheni ya Nkoaranga mwaka 1902 na ya Ilboru mwaka 1904. Picha walizopiga wamisionari hao katika nchi hizi zimetunzwa, na leo zaweza kutazamwa hata kwa intaneti. Waliozitunza wastahili shukrani. Lakini katika picha za zama hizo, mara nyingi mama asimamaye mbele ya nyumba yake ameandikiwa kabila lake tu, jina lake halimo. Vazi lake lajulikana, chombo chake chajulikana, mwenyewe hajulikani. Kitukuu wake aitazamapo hawezi kusema: huyu ndiye mama wa babu yangu. Desturi imehifadhiwa, mtu amepotea.

Basi vijana wetu wasiirudie kasoro hiyo. Mtu akipigwa picha kwa ghafula, aombwe ruhusa kabla haijaonyeshwa kwa wengine, akikataa, ifutwe. Aulizwe jina lake, na jina la kazi yake katika lugha ya kwao. Yaandikwe pamoja na mahali na mwaka. Kisha apelekewe nakala nyumbani kwake. Mambo hayo hayataki fedha nyingi. Yataka kurudi mara ya pili kwa yule aliyetupa sura yake kama amana.

Katika desturi za wazee wetu imo ile ya kupiga hodi na kungoja kukaribishwa. Atakaye kuzihifadhi nyingine, na aanze kwa kuishika hiyo.