Namba Ina Jina Ndani Yake

Kuna swali ambalo kila mkimbizi analibeba mfukoni pamoja na karatasi zake: namba inapoandikwa mahali pa jina, mtu anapotea, au anafichwa tu? Maana kupotea na kufichwa si kitu kimoja. Aliyefichwa, kuna mtu anayejua yuko wapi.

Uwe kambini Gasorwe kule Muyinga, uwe mjini hapa Musinzira, siye tunaishi kwa namba. Namba ya familia, namba ya karatasi, alama ya kidole kwenye mashine. Na mara nyingi utamsikia mtu akisema namba hizi ndizo zile za mnyama, 666 ya Ufunuo. Wengine wanamcheka. Mimi sicheki, kwa sababu mashaka ya namna hii yameshatembeza watu kwa miguu.

Tukumbuke Kamanyola, Kivu Kusini. Pale waliishi wakimbizi Warundi, wafuasi wa Zebiya, waliokataa kuandikishwa kwa alama za vidole kwa sababu ya imani yao. Tarehe 15 Septemba 2017 wanajeshi wa Kongo walifyatua risasi wakati wakimbizi wale walipoandamana kwa ajili ya wenzao waliokamatwa. Walikufa watu zaidi ya 30. Mwezi wa tatu 2018, zaidi ya 2,000 waliondoka wakavuka kwenda Rwanda kuliko kukubali kuandikishwa, na mwezi uliofuata wengi wao wakarudishwa huku Burundi. Sisemi risasi zilipigwa kwa sababu ya mashine ya vidole. Nasema watu hao waliona namba ni jambo la roho, wakalipa gharama yake.

Basi tuulize: namba katika Biblia ni kitu gani?

Wayahudi tangu zamani wanahesabu kwa herufi. Alefu ni 1, beti ni 2, yodi ni 10, reshi ni 200, mpaka tavi ambayo ni 400. Waislamu wanaijua njia hiyo kwa jina la abjadi, ndiyo maana wapo wanaoandika 786 mahali pa Bismillahi. Kama herufi ni namba, basi kila neno lina jumla yake, na maneno mawili yenye jumla moja yanaweza kusomwa pamoja kama ndugu. Wayahudi wanaiita gematria. Neno lao la uhai linatamkwa karibu sawa na letu, hai, kwa sababu sisi tumelichukua kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Jumla yake ni 18. Mpaka leo Myahudi akitoa sadaka au zawadi ya arusi anapenda itoke 18, au 36, ili namba yenyewe iwe maombi ya uhai.

Mfano unaonigusa zaidi uko Mwanzo 14. Lutu ametekwa vitani, na Abramu anatoka na watu 318 kwenda kumwokoa. Marabi wa Talmudi waliiangalia namba hiyo wakakuta kitu. Mtumishi wa Abramu aliitwa Eliezeri. Hesabu herufi zake kwa Kiebrania: 1, 30, 10, 70, 7, 200. Jumla ni 318. Wakasema labda hapakuwa na jeshi, alikwenda na Eliezeri peke yake, ambaye maana ya jina lake ni Mungu wangu ni msaada. Ni jina ambalo Mrundi yeyote angelielewa, maana na siye tunawaita watoto Niyonzima, Habonimana, majina yanayosema habari za Mungu.

Kama kweli ilikuwa hivyo, sitaki kubishana. Ninachotazama ni njia waliyoifuata. Walikuta umati wa 318, wakachimba mpaka wakampata mtu mmoja mwenye jina.

Sasa turudi kwa 666. Yohana mwenyewe anatuambia kwamba namba ile ni ya mtu, na mwenye akili aihesabu. Wasomi wengi wanaona mtu huyo ni Kaisari Nero, aliyewatesa Wakristo Roma baada ya moto wa mwaka 64. Andika Neron Kesar kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, halafu 100, 60, 200. Utapata 666. Ukiliandika kwa namna ya Kilatini, bila ile n ya mwisho, unapata 616, na kweli zipo nakala za kale za Ufunuo zenye 616. Na Yohana aliandika akiwa wapi? Patmo, kisiwani, mbali na kwake, kwa ajili ya imani. Kumbe alikuwa mwenzetu! Alificha jina la mwenye nguvu ndani ya namba ili wasomaji wake waelewe na wasiuawe. Ile namba tunayoikimbia ilikuwa siri ya wanaoteswa.

Hapo mtu anaweza kunijibu: bwana, wewe unasifu majina, lakini huku kwetu majina yameua. Ni kweli. Watu wa Burundi na wa Kivu tunajua vizuizi vya barabarani ambako jina lako lilitosha kukutoa kwenye gari. Namba haiulizi kabila. Namba inampa mjane rasheni sawasawa na mwenye kaka ofisini. Hoja hiyo ni nzito, na mimi naikubali. Namba inaweza kuwa kibanda cha kujifichia.

Lakini kibanda kina mlango. Katika gematria namba siku zote ina njia ya kurudi kwenye neno. Na hata wazee wa Kiyahudi waliiwekea mpaka: katika Pirke Avoti hesabu hizi zinafananishwa na viungo vya mezani, siyo chakula chenyewe. Mtu hashibi kwa pilipili. Basi nadhani hiki ndicho kipimo chetu. Namba iliyo halali ni ile ambayo anayeishika anajua kwamba ndani yake kuna mtu, na akiulizwa anaweza kumtaja. Namba mbaya ni ile iliyopoteza mlango, iwe 666, iwe 7.

Kitabu tunachokiita Hesabu, Wayahudi wanakiita Jangwani. Watu wako kwenye mahema, hawana nchi, na Musa anaambiwa awahesabu. Lakini anaambiwa awahesabu kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa koo zao. Ilitoka 603,550. Namba kubwa, lakini ilianza na majina.

Nikiipima Kamanyola kwa kipimo hicho, naumia. Watu wale walikataa kuwa namba, na leo hivyo ndivyo tunavyowakumbuka: zaidi ya 30. Wengi wetu hatuwezi kutaja hata mmoja. Hilo halikufanywa na mashine. Tumelifanya siye wenyewe, kwa kusimulia habari yao bila kuuliza walikuwa nani.

Kwa hiyo tusigombane sana na karatasi. Pokea namba yako, ule, utibiwe. Ila nyumbani na kanisani tuhesabiane kwa njia ile ya zamani. Na kama msomaji unalijua jina la mmoja wa wale wa Kamanyola, na kulisema hakumletei mtu hatari, lifundishe kwa watoto wako. Namba ile itakuwa imepungua kwa mmoja.