Dhima ya Kumtafuta Aliyevuka Bahari

Kupotea kwa mtu hakufanani na kupotea kwa kitu. Pete iliyopotea haijui ilipo wala ilikotoka. Mtu aliyevuka bahari, akaoa au akaolewa ugenini, anajua alipo kila siku ya maisha yake. Anaujua mlango wa nyumba yake, anawajua majirani zake, na watoto wake anawaita kwa majina. Wanaosema kuwa amepotea ni wale aliowaacha nyuma. Kwa hivi neno hili, ambalo husemwa juu ya mtu mmoja, aghalabu ni habari ya hali ya watu wengine.

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki yuko jamaa wa namna hii. Mathalan, bibi aliyeolewa na mgeni wa msimu akaondoka naye katika jahazi pepo za kusi zilipoanza. Au babu aliyekwenda Ulaya kwa kazi ya muda akaoa huko. Jina lake hutajwa kwa sauti ndogo, au halitajwi kabisa. Kizazi cha tatu au cha nne kikiuliza, huambiwa kwa ufupi: alikwenda, hakurudi. Swali lililo mbele ya insha hii ni kama kizazi hicho kina dhima ya kumtafuta. Na ikiwa kinayo, ni dhima ya namna gani.

Wako wanaoshika kuwa dhima hiyo haipo, na hoja zao ni tatu. Kwanza, husema kuwa maiti hana haja ya kutafutwa. Mahitaji yake yamekoma, na walio hai wana mahitaji mengi yasiyotimizwa. Pili, husema kuwa aliyekwenda alichagua kwenda, na heshima impasayo mtu huyo ni kuachiwa chaguo lake. Tatu, husema kuwa wazee walionyamaza walinyamaza kwa hekima, na kufukua jambo walilolifunika ni kuiamsha aibu iliyolala. Hoja hizi si nyepesi. Hapana hata moja iwezayo kujibiwa kwa kusema tu kuwa damu huita damu. Hapana budi kutazama jinsi watu wanavyopotea hasa, na ni mkono wa nani unaowapoteza.

Chombo cha kwanza cha upotevu ni jina. Nasaba ya pwani ni mnyororo. Fulani ni bin fulani, bin fulani. Na mwanamke naye ni binti fulani tangu kuzaliwa kwake mpaka kaburini, wala ndoa haimwondoi katika jina la baba yake. Ulaya ya karne ya kumi na tisa ilikuwa na kanuni nyingine. Mwanamke aliyeolewa alichukua jina la ukoo wa mume, na mnyororo uliofumwa kwa vizazi ukakatika kwa siku moja mbele ya mwandishi wa daftari. Mwanamume hakuponea pia. Neno dogo la "bin" lilidondoka njiani, jina la baba likafanywa jina la ukoo, na babu akatoweka. Mtafutaji anayelijua jina la pwani peke yake hupita mbele ya kaburi la jamaa yake bila kulitambua.

Kisa kijulikanacho zaidi cha namna hii ni cha Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkasi. Katika mwaka 1866, Salme, akiwa mja mzito, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Baba wa mimba yake alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Kwa sheria ya dini yake ndoa na mtu huyo haikuwezekana, na kwa desturi ya nyumba yake jambo lenyewe lilikuwa la hatari. Huko Aden, katika mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily akaolewa. Kisha akafuatana na mumewe mpaka Hamburg. Miaka mitatu baadaye mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto watatu, mkubwa wao hajatimia miaka mitatu. Wahenga walisema kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Binti huyu wa sultani aliusoma ukweli wa maneno hayo katika nyumba za kupanga za Ujerumani.

Je, mtu huyu alipotea? Kwa hesabu ya nyumba yake, ndiyo. Lakini yeye mwenyewe alikataa kupotea. Watoto wake waliitwa kwa majina mawili mawili: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. La kwanza lilikuwa la nchi waliyozaliwa. La pili lilikuwa uzi mwembamba uliofungwa kwenye pwani ya mbali. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Ndugu yake Barghash, aliyekuwa sultani wakati huo, hakukubali kumpokea. Insafu yataka isemwe kuwa Barghash alikuwa na sababu: Ujerumani ilikuwa ikimnyang'anya bara, na dada yake alikuja chini ya bendera ya wanyang'anyi hao. Hata hivyo, kwa maelezo ya Salme mwenyewe, watu wengi wa mjini walimsalimu njiani kwa furaha. Kasri ilimfungia mlango, barabara ikamfungulia. Alirudi tena mwaka 1888, na safari hiyo pia hakufanikiwa. Alikufa Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg.

Hapa hoja ya pili inaanza kulegea. Ni kweli kuwa alichagua kwenda. Lakini kuchagua kwenda si kuchagua kukatwa. Mtu aweza kuchagua mume bila ya kuchagua kufutwa katika kumbukumbu ya ndugu zake. Mambo haya ni mawili, na la pili halifanywi na anayekwenda bali na wanaobaki. Huitwa kupotea ili lionekane kama tendo lake, hali ni tendo lao. Ikiwa ndivyo, kumtafuta si udadisi wa mtu aliyekosa shughuli. Ni kulipa deni, na deni halifutiki kwa kufa kwa mdai wala kwa kufa kwa mdaiwa. Warithi wanaopokea shamba la marehemu hupokea na madeni yake. Wapokeao heshima ya ukoo wapokee pia dhuluma zake.

Liko jambo jingine katika kisa hiki lipasalo kufikiriwa. Wasichana wa kasri ya Unguja walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimtia katika mashaka: katika mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, binti huyo wa miaka kumi na mitano alifanywa mwandishi wa njama. Ujuzi ule ule ndio uliomwokoa. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na barua zake juu ya maisha ya Ulaya zikatolewa baada ya kufa kwake. Lau asingalijifunza kuandika, leo angalikuwa mstari mmoja katika daftari la ndoa la Aden. Ni wanawake wangapi waliovuka bahari ile bila ya mfupa wa ngamia? Hao ndio waliopotea kweli. Hawakuwa na hadithi ndogo kuliko yake. Walikosa kalamu tu. Dhima ya kutafuta huwa nzito zaidi kwa yule asiyeweza kujieleza mwenyewe.

Yafaa pia kuangalia ni nani aliyetafuta. Jamaa waliobaki Unguja hawakutafuta. Aliyetafuta ni mtoto wa aliyepotea. Rudolph Said aliliunganisha jina la babu yake na jina la baba yake akawa Said-Ruete, na katika mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya maisha ya Said bin Sultan. Mnyororo uliokatwa upande mmoja uliungwa upande wa pili. Mara nyingi huwa hivi: walio nyumbani husema kuwa wamempoteza mtu, na kumbe ng'ambo wako watu wanaosema kuwa wamepoteza nyumba.

Kisa cha pili ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mrima, upande wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kimesimama kwa sehemu kubwa juu ya maandiko yake. Ndani yake mna habari za uzazi, posa, harusi na maziko. Mwaka 1904 mtaalamu huyu wa harusi za pwani alioa mwanamke wa Kijerumani huko Berlin. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi kwao pamoja na mkewe. Serikali ya kikoloni haikumruhusu kushuka naye Dar es Salaam. Iliona kuwa mume mweusi na mke mweupe pwani ya koloni ni fundisho baya. Alirudi Ujerumani, akafa huko mwaka 1927. Aliitwa Mtoro, lakini hakutoroka. Aliyaona maji ya kwao kutoka chomboni, akageuzwa. Huenda wazee wa Bagamoyo waliosema alikwenda hakurudi walisema wasilolijua. Neno la haki lingalikuwa kwamba alirudi akazuiwa. Tofauti ya kauli hizi mbili ni kubwa, na hapana aijuaye isipokuwa mtu amefuatilia.

Hili lajibu hoja ya kwanza. Maiti hahitaji chakula wala nguo, bali jina lake laweza kudhulumiwa angali kaburini. Anayeitwa mwenye kuwasahau wenziwe, hali aliwataka, anasingiziwa. Kumwondolea mtu singizio ni haki, na haki haiulizi kama mwenyewe yu hai.

Hoja ya tatu, ile ya aibu, yataka jibu la tahadhari zaidi. Kwa kweli mtafutaji hajui atakachokikuta. Mahjub bin Adam Mohamed, ajulikanaye Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wa uaskari wa vita vya kwanza, wake na wa baba yake. Alioa huko mwaka 1933, akasaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mweupe, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Jiwe dogo la shaba liliwekwa kwa jina lake katika njia ya Berlin mwaka 2007. Habari kama hii ni nzito kwa ukoo wo wote kuipokea. Lakini aibu iliyomo ndani yake ni ya nani? Si ya aliyekufa. Aghalabu aibu inayoogopwa na wazee, ikitolewa nje mchana, huonekana kuwa ilivikwa mtu asiyestahili kuivaa.

Pamoja na haya, dhima ya kutafuta ina mipaka yake. Anayetafuta ili apate urithi, au cheo cha kujivunia mbele za watu, hamtafuti jamaa. Anatafuta mali iliyosimama nyuma ya jamaa. Anayetafuta ili ahukumu, amekwisha funga mlango kabla ya kuufikia. Aliyepotea apokewe kwa jina aliloishi nalo, kwa dini aliyoishi nayo na kwa watoto aliowazaa, pasipo kuvuliwa maisha ya nusu ya pili ili aingie katika maisha ya nusu ya kwanza. Na wajukuu wake wa ng'ambo wana haki ya kusema kuwa hawataki kujulikana. Udugu wa nazi hukutana chunguni, lakini mtu si nazi. Halazimishwi kutiwa katika chungu kimoja na mwenziwe.

Historia ya Unguja ina fundisho la mwisho. Katika mapinduzi ya Januari 1964, Sultan Jamshid bin Abdulla, wa ukoo ule ule uliomfungia Salme mlango, alivuka bahari naye. Aliishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, akafa huko mwaka 2024. Katika kasri iliyoachwa na masultani, iliyofanywa makumbusho, chumba kimoja kiliwekwa kwa kumbukumbu ya Salme. Aliyefukuzwa akapewa chumba. Wenye nyumba wakawa wageni katika nchi za watu. Hapana nyumba iliyoandikiwa kuwa ya wanaobaki daima. Anayekaa leo barazani na kusema kuwa fulani amepotea, mjukuu wake aweza kuwa fulani wa kesho. Basi amtafute aliyetangulia kwa bidii ile ile ambayo angependa jamaa yake atafutwe kwayo, na akimpata, asimwulize kwanza kwa nini alikwenda. Amweleze kwanza kwa nini hakuna aliyemfuata.