Mtu si Goti Lake

Februari 2000, Buffalo Bills, klabu ya mpira wa Kimarekani (American football), iliachana na mchezaji wake Bruce Smith, akiwa na miaka 36. Kwa misimu 15 alikuwa akiinama mstari wa mbele, vidole vikigusa chini, kisha anamvaa mlinzi mzito kumzidi ili amfikie mrusha mpira. Sababu: kikomo cha mishahara kiliibana klabu.

Hesabu hiyo inaeleweka. Lakini thamani ya mtu huisha pamoja na kasi yake?

Mwanafalsafa Immanuel Kant alikataa binadamu kutumiwa kama chombo tu. Kumwacha mchezaji si dhuluma. Dhuluma ni kumpima kwa goti lililochoka pekee, ukasahau macho yanayosoma mchezo kabla haujaanza.

Klabu ya Washington ilimchukua Smith. Mwaka 2003, akiwa na miaka 40, aliipita rekodi ya mchezaji Reggie White ya kuwaangusha warusha mpira mara 198, akaishia na 200. Buffalo iliistaafisha jezi yake, namba 78, mwaka 2016.