Nani Mwenye Usukani?

Je, ni kosa mtu kuwa na motokaa yenye nguvu nyingi? Swali hili lingewachekesha wazee wetu, maana zamani zao motokaa ilikuwa chombo cha Bwana Shauri, cha tajiri wa mjini na cha misioni, basi. Leo mambo yamegeuka. Mwalimu, karani, mkulima aliyeuza kahawa yake vizuri, hata kijana aliyeanza kazi juzi, aweza kuagiza motokaa iliyokwisha kutumika huko Japani na kuipokea katika bandari ya Dar es Salaam. Na wenye uwezo zaidi hununua yale magari makubwa ambayo watu huyaita mashangingi, yenye injini za silinda sita au nane na uzito upatao tani mbili na nusu. Nguvu ya farasi mia mbili na zaidi, ambayo zamani ingehitaji zizi zima na wachungaji wake, imewekwa chini ya mguu wa kulia wa baba wa familia. Yafaa basi tujiulize nguvu hiyo imemkuta mtu wa namna gani.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba chombo chenyewe hakina dhambi. Mwenye kupanda mlima Kitonga pamoja na jamaa na mizigo yake hana budi kushukuru kwa injini isiyochoka. Daktari aitwaye usiku katika kijiji chenye njia ya matope, padre mwenye vigango vya mbali, mfanyabiashara mwenye shehena nzito, wote hao wahitaji nguvu. Hata katika kulipita lori, injini yenye nguvu humaliza kazi upesi na kumrudisha dereva upande wake kabla ya hatari. Asiyependa magari makubwa asijione mwema kwa sababu hiyo tu. Pengine ni mkoba wake uliomzuia, wala si moyo wake.

Lakini nguvu hii ina tabia moja ambayo yafaa kuangaliwa sana: haimgharimu mwenyewe kitu. Mpanda baiskeli atakaye kwenda mbio hulipa kwa jasho, na mapafu yake humwambia kwamba amefika mwisho. Mpanda farasi husikia mnyama wake akihema. Mwenye motokaa hasikii lolote. Mguu wake washuka sentimeta mbili tatu, na tani mbili na nusu zaruka mbele. Tena kadiri motokaa ilivyo bora, ndivyo inavyoficha mwendo wake. Vioo vimefungwa, hewa ya ndani ni baridi, viti ni laini, muziki walia, na kilomita 120 kwa saa zaonekana kama matembezi ya jioni. Vishawishi vingine hupiga hodi mlangoni. Hiki huingia na kuketi kabla ya kukaribishwa.

Hesabu, hata hivyo, hazilali. Aendaye kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Akiona hatari na kukanyaga breki baada ya sekunde moja tu, amekwisha kwenda mita hizo, na juu ya lami kavu atahitaji nyingine 14 hivi kabla ya kusimama. Akienda kilomita 100, atapita mita 28 kabla ya kukanyaga, kisha kama mita 55 za breki. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini njia ya breki imeongezeka mara nne. Kadhalika, kugonga ukuta kwa kilomita 50 ni sawasawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100 ni kuanguka kutoka mita 39, juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na mbili. Hakuna mtu mwenye akili achezaye ukingoni mwa paa kama hilo akiwa amewashika watoto wake mkononi. Barabarani twafanya hivyo huku tukizungumza.

Na kuanguka huko si kwa mwenye motokaa peke yake. Yeye amezungukwa na chuma, mkanda na mifuko ya hewa. Mtoto avukaye barabara akitoka shuleni amezungukwa na sare yake tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilo lasema pia kwamba hatari ya kufa kwa mtu wa miguu anayegongwa na motokaa huongezeka mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65. Kilomita kumi na tano ambazo dereva hazisikii katika kiti chake ndizo zimpazo mtoto uhai au kumnyang'anya. Basi kujitawala barabarani si jambo la kiasi peke yake. Ni jambo la haki pia. Ndiyo maana tarehe 19 Juni 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi za madereva. Amri mojawapo yaonya kwamba motokaa isiwe kwetu chombo cha kujikuza na kuwatawala wengine, wala nafasi ya dhambi.

Kishawishi chenyewe kina nyuso nyingi. Uso wa kwanza ni majivuno. Motokaa ndogo ikilipita gari kubwa, mwenye gari kubwa huona kama ametukanwa hadharani, naye hana amani mpaka amelipiza. Methali yetu yasema, mwenye nguvu mpishe. Yeye ameigeuza kuwa sheria yake, na huwamulikia taa kali walio mbele ili wakimbilie vumbini. Uso wa pili ni haraka. Aliyechelewa kuamka ataka barabara imrudishie saa alizolala. Uso wa tatu ni kule kudhani kwamba haonekani. Twaijua sote desturi ya madereva wetu: wakikutana njiani huwashiana taa, maana yake askari yuko mbele na tochi yake ya kupima mwendo. Papo hapo kila mtu huwa mtakatifu. Mshale washuka mpaka 50, kama iagizavyo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 mahali palipo na makazi ya watu. Askari akiisha kupitwa, utakatifu nao wabaki nyuma pamoja naye. Mtu huyu hajajitawala hata kidogo. Ametawaliwa na tamaa, kisha kwa dakika tatu akatawaliwa na hofu, kisha akarudi kwa bwana wake wa kwanza.

Hapa twafikia fumbo lenyewe. Kama kujitawala ni kuwa na nguvu na kutoitumia vibaya, je, si afadhali kila mtu awe na motokaa yenye nguvu, ili apate nafasi ya kuonyesha fadhila? Mwenye motokaa kuukuu isiyoweza kupita kilomita 70 hawezi kusifiwa kwa upole wa mwendo wake. Wako watu wasemao hivyo hasa: nitainunua, lakini nitajizuia, mimi si mtoto.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, asimulia habari za rafiki yake Alipio aliyekuwa akisoma sheria huko Roma. Alipio aliyachukia kabisa yale maonyesho ya watu kupigana mpaka kuuana. Siku moja rafiki zake wakamvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Akawaambia kwamba waweza kuupeleka mwili wake, lakini si macho wala moyo wake; akaketi, akafumba macho. Mara watu wote wakapiga kelele kubwa, naye kwa kutaka kujua akafumbua macho mara moja tu. Basi akalewa kwa alichokiona, akashangilia pamoja na wengine, na baadaye akawa anawavuta wenzake waende naye. Alipio hakuwa mtu mbaya. Mwishowe aliongoka, akawa askofu. Alikosea kwa kuipima nguvu ya utashi wake akiwa mbali na kelele, kisha akaitegemea ndani ya kelele. Ndivyo afanyavyo mnunuzi asimamaye kimya dukani akisema, nitajizuia. Dukani hakuna aliyempita wala aliyemcheka, wala hakuchelewa popote.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: fadhila haitafuti kishawishi ili ijipime. Katika sala ya Baba Yetu hatuombi tuletewe vishawishi tupate kuvishinda. Twaomba tusitiwe ndani yake. Mwenye kuhitaji nguvu kwa kazi yake na ainunue kwa amani. Asiyeihitaji, naye ajua kwamba damu yake huchemka upesi, na aiache dukani. Kuiacha huko ni kujitawala kweli, tena ni kujitawala kwa bei nafuu kuliko kote, maana hapo mguu bado haujafika kwenye pedeli.

Na aliyekwisha kuwa nayo je? Yampasa akate shauri mapema, kabla ya safari, wala asiliachie jambo hilo mpaka barabarani. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alipambanua watu wawili: mmoja ana tamaa mbaya naye huishinda kwa shida, wa pili amejizoeza mema mpaka tamaa hiyo haimsumbui tena. Hakuna awaye wa pili pasipo kuwa kwanza wa kwanza, na njia ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni mazoea. Dereva ashikaye 50 katika kila kijiji, askari awepo asiwepo, mwaka wa kwanza ataumia moyoni kila apitwapo. Baadaye hataona tena sababu ya kuumia.

Wako wanaotumaini kwamba mitambo itatufanyia kazi hii. Ni kweli kwamba tangu Julai 2024 kila motokaa mpya iuzwayo katika nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na chombo cha kumwonya dereva apitapo mwendo uliowekwa. Jambo hili ni jema. Lakini chombo hicho dereva aweza kukizima. Watengenezaji wa Japani nao, tangu mwaka 1989 hadi 2004, walikubaliana wenyewe kwamba motokaa zao za kuuzwa nchini mwao zisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Na yajulikana kwamba baadhi ya injini zilitoa zaidi ya zilivyoandikwa. Karatasi ilitii, chuma hakikutii. Patano lolote ambalo moyo haukulitia sahihi huishia hapo, liwe la makampuni, liwe la mtu na nafsi yake.

Tutoe mfano mmoja wa nyumbani. Mwezi wa Desemba jamaa nyingi husafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula Noeli kwa wazee. Tuseme kwamba njiani sehemu zenye vibao vya 50 zikijumlishwa ni kilomita 60. Atakayezishika kwa mwendo wa 50 atatumia dakika 72. Atakayezipita kwa 90 atatumia dakika 40. Faida yote ya kuvunja sheria katika vijiji vyote, mbele ya shule zote na masoko yote, ni dakika 32. Baba aweza kuzipata bila kumhatarisha mtu, kwa kuamka mapema nusu saa. Kutangulia si kufika, walisema wazee, nao hawakuwa wameona ajali za Noeli.

Nanyi akina mama, msinyamaze. Mke asemaye, "Baba, punguza mwendo," hamvunjii mumewe heshima, amsaidia kuirudia. Na baba asijibu kwa kukanyaga zaidi. Kumbukeni wako wengine nyuma wasiosema kitu. Watoto walioketi kiti cha nyuma hawaangalii barabara tu, huangalia shingo ya baba apitwapo, husikia maneno amwambiayo aliyempita, huona mshale kabla ya askari na baada ya askari. Hawajafika umri wa kushika usukani, lakini wamekwisha kuanza kujifunza kuendesha. Baada ya miaka kumi na mitano watatuonyesha walichojifunza, na siku hiyo hatutakuwa pamoja nao garini kuwaambia wapunguze.

Baba mwenye nguvu nyingi chini ya mguu wake, apitaye polepole mbele ya shule ambayo hakuna mtu amjuaye, hapigiwi makofi. Watoto wavuka, wamwangalia kidogo, waendelea na michezo yao. Hawatajua kamwe kwamba injini ile ingeweza zaidi. Nguvu yake yote imetumika kuwaacha wavuke. Nasi twasema kwamba hapo ndipo alipokuwa mwenye motokaa kweli, maana kabla ya hapo motokaa ndiyo iliyokuwa na mtu.