Ushuru wa Aprili Hutengwa Januari

Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inamtaka mtu aliyejiajiri alipe ushuru wa mwaka kwa awamu nne: tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Kila awamu ni robo ya ushuru anaokadiria kudaiwa mwaka huo. Salio, likiwapo, hulipwa kufikia tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na marejesho huwasilishwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kufikia tarehe 30 Juni. Utaratibu huu unaonekana mwepesi kwa anayeusoma akiwa Nairobi. Kwa watu wa Ganda, jirani na Malindi, wanaotegemea kazi za mji huo, tarehe mbili za kwanza zinaangukia miezi ambayo fedha imekauka.

Aliyeacha kazi ya hoteli akaanzisha yake hukutana kwanza na jambo ambalo mshahara ulikuwa umemfichia. Mwajiri alikata ushuru wa mshahara, PAYE, mapema na kuipeleka KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi uliofuata. Mfanyakazi hakuwahi kuishika fedha hiyo, kwa hiyo haikuwahi kumtia majaribuni. Fundi wa viyoyozi, mshonaji au mpiga picha wa harusi huishika yote. Mteja akimtumia shilingi 10,000 kwa M-Pesa, ndani yake mna sehemu isiyo yake, na hakuna wa kumtengea ila yeye mwenyewe.

Jambo la pili ni msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, wageni wa Ulaya hujaa Malindi na Watamu, nyumba zilizofungwa hufunguliwa, na kila fundi hutafutwa. Masika yanapoanza Aprili na kusi kushika, wageni huondoka, hoteli kadhaa hufunga kwa ukarabati, na mashua zinazowapeleka watu kwenye Hifadhi ya Baharini hutia nanga. Wakati huohuo, nusu nzima ya ushuru wa mwaka inadaiwa.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Chukua mfano wa fundi wa viyoyozi anayekadiria kuingiza shilingi 900,000 kwa mwaka na kutumia 300,000 kwa gesi, vipuri na nauli. Faida yake ni 600,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 212,000 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 117,400. Ukiondoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, ushuru wake ni 88,600, na kila awamu ni 22,150.

Si kila mtu anadaiwa awamu. Ambaye ushuru wake wa mwaka hauzidi shilingi 40,000 husubiri hadi 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa viwango hivyo, ni mtu ambaye faida yake haipiti 438,000. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa kawaida hutozwa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20, ingawa ushuru huo hauwahusu wanaolipwa ada za kitaalamu, kama mawakili na wahasibu.

Kutoka kwenye hesabu hiyo hutoka kanuni. Ushuru wa fundi huyu ni karibu shilingi 1 katika kila 10 zinazoingia. Lakini akitenga moja ya kumi kila mwezi bila kuangalia msimu, atahitaji mapato ya 443,000 kabla ya katikati ya Juni ili kulipa awamu mbili za kwanza, ambazo ni 44,300. Wengi hawafiki hapo. Heri atenge 15 katika kila 100 kuanzia Januari hadi Machi. Akiingiza 300,000 katika miezi hiyo, atakuwa na 45,000, na masika yatamkuta ameshajipanga. Baadaye anaweza kupunguza. Fedha hiyo iwekwe mbali na akaunti ya matumizi, siku ileile inapoingia. Mchango wa bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 ya mapato, nao uwe na fungu lake.

Risiti ni nusu ya kazi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida. Fundi akifanya matumizi yake yote bila ankara hizo, zile 300,000 hurudi kuwa faida na kumwongezea ushuru wa 90,000, zaidi ya ule wa mwanzo.

Wako watakaouliza: mtu atalipaje ushuru wa fedha ambayo hajaipata? Sheria haimtaki awe mtabiri. Inamtaka akadirie kwa uaminifu, na makadirio hurekebishwa mwaka unavyokwenda. Wako pia watakaosema ushuru hauonekani kijijini: barabara ni mbovu, zahanati haina dawa. Lalamiko hilo ni la haki na lisinyamazishwe. Juni 2024 Wakenya walilipeleka barabarani hadi Mswada wa Fedha ukaachwa. Hata hivyo, anayelinyamazia Bunge na diwani kisha akakwepa awamu ya Aprili hajamwadhibu mtawala yeyote. Amejiongezea faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mkazi wa Pwani anajua amana ni nini: kilichowekwa mkononi mwako kwa niaba ya wengine hakiliwi, hata kama mwenyewe yuko mbali.

Haki nayo iwe ya pande zote mbili. Mkulima hulipa robo tatu ya ushuru wake tarehe 20 Septemba na robo iliyobaki 20 Desemba, kwa kuwa Bunge lilitambua kwamba shamba lina majira. Bahari na utalii vina majira vilevile. Mkulima wa maembe wa Ganda na jirani yake mwenye mashua ya wageni wanaishi kwa mvua na upepo uleule. Hakuna sababu ya sheria kuwatenganisha. Wabunge wa Pwani wanapaswa kuidai nafuu hiyo kila Mswada wa Fedha unapojadiliwa.

Malipo yenyewe ni mafupi: mlipaji huingia tovuti ya KRA ya iTax, huchagua malipo ya awamu, hupata nambari ya malipo, kisha hulipa benki au kwa M-Pesa. Mwaka ukiisha hujaza marejesho, na kama aliajiriwa sehemu ya mwaka, hujumuisha hesabu ya fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri wa zamani. Kumbukumbu zote hutunzwa kwa miaka mitano. Mwaka wa pili huwa mwepesi zaidi, maana sheria inamruhusu kulipa kiasi kidogo zaidi kati ya makadirio mapya na asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliopita. Kwa fundi huyu, hata biashara ikikua, maadamu mauzo hayajapita milioni 1, awamu haitazidi 24,365, na atakuwa ameijua tangu Januari.