Riziki ya Chaza Aliyezuiliwa

Katika sharia ya Kiislamu, mtu akimzuia mnyama, riziki ya mnyama yule, ambayo jana ilikuwa imetawanyika porini au baharini kwa kudra ya Mola, huhamia shingoni mwa aliyemzuia. Na maarufu ni hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie akajitafutie mwenyewe. Hukumu hii sote twaikubali tumwonapo ng'ombe au kuku, illa ni nadra kusikia ikiulizwa kwa kiumbe asiyeonekana vema kwa jicho, naye ni chaza mchanga ndani ya pipa la kituo cha kutotolea. Na nadhani ni wajibu iulizwe, maadamu wataalamu wa ulimwengu wamekuwa wakimtafutia chaza huyo chakula cha badali.

Yamkini msomaji atastaajabu kuliona suala hili likitoka Mbangala, katika Wilaya ya Songwe, ambako maji makubwa tuyajuayo ni ya Ziwa Rukwa na wengi wetu hawajamwona chaza ila pichani. Lakini kila mfugaji wa hapa aujua mzani wenyewe: kuku hupewa pumba ya mahindi na, fedha ikiwapo, vumbi la dagaa, na katika miezi ya Januari na Februari, ghala zikiwa zimepungua ilhali mahindi ya shambani hayajakomaa, dagaa yule yule wa kuku ndiye kitoweo cha nyumba ya maskini. Kila chakula cha mfugo kimetoka mahali, na mwenye insafu hutaka kujua ni wapi.

Chaza akiachwa baharini hana haja na mtu. Jike hutoa mayai kwa mamilioni, na kiumbe atokaye humo, katika siku yake ya kwanza, hana upana wa hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Huogelea kwa vinyweleo vyake kwa wiki mbili au tatu, akichuja mwani wa chembe moja moja, kisha hutua na kujishikiza mahali pagumu. Wakulima wa lulu wa Bweleo, katika Ghuba ya Menai kusini mwa Unguja, wametegemea chaza waliokusanywa baharini; atakaye kuwazalisha ndani ya nyumba hana budi kwanza azalishe mwani. Njia ya kufanya hivyo ilifunguka karibu na mwaka 1940, pale watafiti wa Port Erin, katika kisiwa cha Man, akiwamo Bibi Mary Parke, walipoufuga mwani mdogo wa rangi ya dhahabu ambao chaza wachanga waliula wakakua. Naye Parke aliupa jina la Isochrysis galbana mwaka 1949. Mwani huo wafugwa hata leo, nao ni ghali: uchunguzi wa Coutteau na Sorgeloos, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta kwamba gharama ya mwani ni takriban asilimia 30 ya gharama yote ya kuzalisha mbegu za chaza na jamaa zake.

Ndipo zikatafutwa badali: hamira, wanga wa nafaka, mwani uliokaushwa, mwani uliokolezwa ukahifadhiwa kwenye baridi, na vijidonge vya mafuta na protini. Mwani uliokolezwa wakaribia asili yake, nami sina neno nao. Hamira ndiyo inisumbuayo. Ni rahisi kupatikana, na ukubwa wake wamezeka. Lakini ganda lake ni gumu kwa tumbo la mchanga yule, tena haina yale mafuta ya baharini ambayo mwili wake hauwezi kujiundia ya kutosha. Ukimtazama kwa hadubini aliyeshiba mwani, tumbo lake laonekana kupitia gamba lake angavu, lina rangi ya kahawia iliyochanganyika na dhahabu. Aliyelishwa hamira peke yake aweza kuwa amemeza na asikue, siku baada ya siku, hata afe. Huyo amekufa kwa njaa, na daftari la kituo laonyesha kwamba alilishwa.

Mafaqihi walikwisha kutuwekea kanuni ya badali. Asiye na maji hutayamamu kwa udongo, na sala yake husihi. Lakini maji yakipatikana kabla hajasali, tayamamu hiyo hubatilika, wala hakuna aliyeruhusiwa kuyaacha maji kwa kuwa udongo ni rahisi zaidi. Kwa kipimo hicho, naona chakula cha badali chajuzu pale mwani unapoharibika ghafla mapipani, kama inavyotokea mara nyingi, na chajuzu kuchanganywa na mwani kwa kadiri ambayo kiumbe bado anakua; hakijuzu pale nafuu ya mwenye kituo inaponunuliwa kwa njaa ya mfungwa wake. Kadhalika hakijuzu kikitoka kinywani mwa mtu, kwa sababu lulu ni pambo, na unga wa mahindi mwezi wa Februari ni uhai.

Atakuwapo wa kujibu kwamba chaza hana ubongo wala sauti, basi amedhulumiwa vipi? Dhima hii haikujengwa juu ya kilio cha mnyama. Izzuddin ibn Abdissalam, faqihi wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Misri mwaka 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alisema kwamba hulishwa hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutonufaika nao. Kwa hiyo msingi ni mkono uliomzuia.

Na hapo ndipo penye uzito, kwani vituoni, maji yanapobadilishwa, wachanga hupitishwa katika chujio, na waliochelewa kukua aghalabu humwagwa. Hadithi ya paka iliacha milango miwili, kulisha au kuachilia. Kituo kilicho karibu na bahari, mithili ya kile cha Beit el Ras huko Unguja, kikizalisha chaza wa maji yale yale, wasio na maradhi, basi hao wa chujio na warudishwe baharini, hata kama wengi wao wataliwa na samaki kabla ya jioni.