Je, Mwalimu Amwulize Mtoto Ukoo Wake?

Katika shule za nchi nyingi watoto hupewa karatasi yenye mchoro wa mti, wakaambiwa waujaze majina ya wazee wao. Kazi hiyo ni njema, maana mtoto asiyelijua jina la babu yake amepungukiwa na kitu. Lakini, enyi wazazi, kabla karatasi hizo hazijaenea katika madarasa yetu, yafaa tujiulize: habari za ukoo ni mali ya nani?

Tuutazame kwanza mti wenyewe. Una nafasi moja ya baba na moja ya mama. Kwetu sisi mtoto ana baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi na mjomba, na kila mmoja ana daraja yake na wajibu wake. Tena yuko mtoto aliyelelewa na bibi tangu uchanga, na yuko asiyemjua baba yake. Huyo, akiiona nafasi tupu mbele ya wenzake, afanye nini? Ama atasema uongo, ama ataona haya kwa jambo ambalo si kosa lake. Mwalimu hakukusudia ubaya. Ubaya umo katika karatasi.

Liko na zito kuliko hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa haukufutwa kisheria huko mpaka 1897, na katika Tanganyika mpaka 1922. Si zamani sana: aliyezaliwa utumwani aweza kuwa baba wa bibi wa mtoto aliye darasani leo. Huko Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakawakomboa watumwa, watoto wengi miongoni mwao, na kijiji kikajengwa kwa ajili yao. Watu walionyakuliwa wangali wadogo wangewezaje kuwatajia wajukuu majina ya mababu? Kwao ukoo ulianza pale pale. Na kwa kuwa neno mtumwa lingali tusi, ziko nyumba zilizochagua kunyamaza. Je, kimya hicho kivunjwe kwa kazi ya nyumbani?

Wengine watajibu kwamba ukweli haufichwi. Naam, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi na jamaa zake. Na Mtakatifu Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Rahabu wala mke wa Uria. Lakini haki ya mtoto kujua haiwapi wanafunzi wenzake haki ya kusikia.

Basi shule na imfundishe mtoto kuuliza: namna ya kumwendea mzee kwa adabu, kuandika jina kama lilivyotamkwa, kutafuta mwaka kwa kufuata njaa au vita, kulinganisha maneno ya wazee wawili. Mfano wa darasani uchukuliwe katika koo zinazojulikana na wote. Munyigumba alimzaa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, akawa Spika wa Bunge la Tanganyika mwaka 1962. Hapo pana mti wa kutosha kufundishia. Daftari la ukoo wa mtoto mwenyewe likae nyumbani, na mzazi ndiye aamue ni ukurasa gani utakaopelekwa shuleni.